Anataka nimfuate ng'ambo, na hatujawahi kuonana

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 31. Nilifahamiana na mwanamume mtandaoni, na sasa tuna miezi 14 tukizungumza kila siku, mara nyingi kwa simu ya video. Yeye anaishi ng'ambo. Amenialika nikamtembelee kwa wiki tatu, nifikie kwake, na tiketi anataka kunilipia. Nampenda na nataka kwenda. Nyumbani mama amenyamaza tu, kaka yangu ananiambia akili zimeniruka. Naogopa mambo mawili: kwamba si yule ninayemjua, na kwamba na mimi nitakuwa si yule anayemjua. Niende? Nikienda nijipange vipi? Na nimpelekee nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Ila usiende kwa mpango huo ulionieleza, kwa sababu ndani yake kila kitu kiko mkononi mwake: tiketi, nyumba, mji, hata siku ya kurudi. Aliye katika hali hiyo hawezi kujua kama anapenda au anashukuru tu. Nimeshauri wapenzi wa mbali kwa miaka mingi, na wengi walioharibikiwa na safari ya kwanza hawakukutana na mtu mbaya. Walikutana na mtu wa kawaida, lakini hawakuwa na mlango wa kutokea, basi kila kasoro ndogo ikageuka kuwa tishio.

Hofu yako ya kwanza ndiyo rahisi kuipima. Tapeli wa mapenzi kwa kawaida hukwepa kuonana. Kamera yake haikosi kuharibika, kazi yake iko melini au jeshini, na safari ikikaribia huzuka dharura inayotaka pesa. Ni biashara kubwa: mwaka 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipokea taarifa karibu 70,000 za utapeli huu, na hasara iliyotajwa ilifika dola bilioni 1.3. Wako unazungumza naye kwa video kila mara, na hilo linasaidia. Halimalizi, kwa sababu siku hizi akili mnemba inaweza kumvika mtu sura ya mwingine video ikiwa hewani. Mwombe mambo ambayo hakuyapanga. Ageuze kamera dirishani, atoke nayo hadi barabarani, ampe simu rafiki yake mkasalimiane. Chukua picha zake uzitafute mtandaoni uone kama zinatumika kwa jina jingine. Mtu wa kweli ataona unamsumbua kidogo, atacheka, atafanya.

Kuna utapeli mwingine ambao watu hawaufikirii, ule ambao tapeli anataka kwa dhati kabisa uje. Mwaka 2012 Paul Frampton, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha North Carolina, mtu aliyezoea hesabu ambazo mimi na wewe hatuwezi hata kuzisoma, alisafiri hadi Bolivia kumwona mwanamitindo ambaye yeye Frampton aliamini kuwa wanachumbiana mtandaoni. Hakumkuta. Alipewa begi akaambiwa ni la mpenzi wake, ampelekee. Alikamatwa uwanja wa ndege wa Buenos Aires na kilo mbili hivi za kokeini zilizofichwa ndani ya begi hilo, akahukumiwa miaka 4 na miezi 8. Mwanamitindo mwenye picha zile hakuwa anajua lolote. Kwa hiyo ukiambiwa "nakuja mji ule mwingine, wewe pitia hapa kwanza, kuna rafiki yangu atakupa mzigo", safari imekwisha hapo hapo. Wewe rudi nyumbani.

Sasa tiketi. Inunue mwenyewe. Ukiwa huna uwezo leo, subiri miezi minne mingine, penzi lililovumilia 14 halitakufa kwa minne. Akisisitiza kuchangia, achangie baadaye, mkiwa mmeshaonana. Watu hudhani hapa nazungumzia heshima. Nazungumzia namba ya tiketi. Aliyekukatia ndiye mwenye namba ya nafasi yako, ndiye anayeweza kubadili tarehe, kuifuta, na kurudishiwa pesa kwenye kadi yake. Nimewahi kukaa na binti aliyegombana na mwenyeji wake siku ya tano, akaenda uwanjani asubuhi na begi lake, akaambiwa nafasi yake ilifutwa usiku. Alilala kwenye viti vya uwanja siku mbili hadi dada yake alipomtumia nauli. Nunua ya kwenda na kurudi, ile inayoruhusu kubadili tarehe hata kama ni ghali kidogo, na usiilipie kabla viza haijatoka.

Wiki tatu ni nyingi. Siku nane hadi kumi zinatosha. Mtu anaweza kuigiza vizuri kwa siku mbili tatu, na anaweza kuvumilia mtu asiyemfaa kwa siku kumi bila kuumia. Wiki tatu na mtu ambaye siku ya nne umegundua humtaki ni kifungo. Na mkipendana, kuondoka mkiwa bado mna hamu hakujawahi kumuua mtu.

Mahali pa kulala ndipo utakapopata upinzani mkubwa, kwake na moyoni mwako mwenyewe. Chukua chumba chako, hoteli au nyumba ya wageni, mahali ulipopachagua na kupalipia wewe, kwa usiku wote. Narudia: wote. Kama usiku wa tatu utaamua kulala kwake, utakuwa umeamua ukiwa na ufunguo mfukoni. Wanawake wengi wananiambia, "Dada, atajisikia vibaya, ataona simwamini." Mwambie mapema, kwa sauti na si kwa ujumbe wa maandishi: "Nakuja, na nitafikia hotelini." Kisha nyamaza, usijitetee. Jibu lake ndilo jambo la maana zaidi utakalolijua kumhusu kabla ya kupanda ndege. Akisema "Sawa, nilitamani uje kwangu lakini naelewa, ngoja nikutafutie mtaa mzuri," una mtu mbele yako. Akinuna siku mbili, akakuuliza kama una mwingine, akakuhesabia aliyokufanyia, basi umeona sasa hivi, bila gharama yoyote, kitu ambacho ungekiona ng'ambo usiku wa manane. Na ukiona hivyo, usiende.

Karatasi nitazipitia haraka, ubalozi wa nchi unakokwenda utakueleza zake. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe hai miezi 6 mbele. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, zinataka miezi 3 baada ya siku unayotoka na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na anayeomba viza ya kutembelea huko lazima awe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Ukihitaji chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiiache wiki ya mwisho. Ndege ikipitia nchi ya tatu, angalia kama nayo inataka viza ya kupita tu. Watu hurudishwa kaunta wakiwa tayari wameaga nyumba nzima.

Nitakaa zaidi kwenye dawati la uhamiaji, kwa sababu hapo ndipo wapenzi hudanganya bila sababu. Afisa anauliza umekuja kufanya nini, mtu anaona aibu kusema "nimekuja kumwona mpenzi wangu tuliyejuana mtandaoni", anasema "utalii". Anaulizwa utatembelea wapi, hajui hata sehemu moja. Begi linafunguliwa, linakutwa na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na nguo za misimu miwili. Kila mtu pale anaelewa kuwa huyu hana nia ya kurudi, hata kama yeye mwenyewe alivipakia tu "vinaweza kusaidia". Sheria ya Marekani humchukulia kila anayeomba viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia, mpaka aonyeshe vingine, na maafisa wa nchi nyingine wengi hufikiri hivyo hivyo hata pale sheria yao haisemi. Sema ukweli, kwa ufupi: nimekuja kumtembelea mpenzi wangu, siku kumi, nafikia hoteli hii hapa, narudi kazini tarehe hii. Uwe na barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi, na pesa zako. Usichekeshe, usisimulie mlivyojuana.

Na usifunge ndoa safari hii, hata ikiwa tamu vipi. Uingereza, kwa mfano, ina viza yake ya pekee kwa mgeni anayekwenda kufunga ndoa, na ya kawaida haitoshi. Kinyume chake, tunza kila ushahidi kwamba mlionana: vipande vya tiketi, mihuri ya pasipoti, risiti, picha zenye tarehe. Siku mkiamua kuishi pamoja vitakuja kuulizwa. Marekani hutaka wachumba wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kuwasilisha ombi la viza ya mchumba, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Uingereza nayo hutaka wapenzi wanaoomba kuishi pamoja wawe wameshaonana. Picha moja isiyopendeza yenye nyuso zenu wote wawili itakufaa kuliko ishirini za machweo.

Jambo jingine la sheria, ulizia kama unakokwenda watu wasiooana wanaruhusiwa kulala chumba kimoja. Sheria mpya ya jinai ya Indonesia, iliyopitishwa Desemba 2022, inafanya kulala na mtu asiye mwenzi wako wa ndoa kuwa kosa la kifungo cha hadi mwaka 1, ikiwa mwenzi, mzazi au mtoto atalalamika. Kuna nchi kali kuliko hiyo.

Hayo yote ni mambo ya kupanga. Siku yenyewe haipangiki, na hapa ndipo hofu yako ya pili inapoingia, ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza.

Mwaka 1996 mtafiti wa mawasiliano Joseph Walther alieleza jambo ambalo kila aliyependa kwa simu analijua. Watu wanaowasiliana kwa mbali wanaweza kufikia ukaribu unaopita ule wa ana kwa ana, kwa sababu kila mmoja anachagua cha kuonyesha, na palipo na pengo mwenzake analijaza kwa mazuri. Huo si uongo. Wewe uliyechagua sauti yako nzuri saa tatu usiku ni wewe kweli. Ila yeye hajawahi kukuona ukisubiri basi, ukiwa na njaa, ukitafuta funguo. Nawe hujamwona yeye. Mtu kamili unayekwenda kukutana naye anajumuisha na hizo saa nyingine zote.

Niliwahi kuwashauri wapenzi wawili wa mbali, mmoja wao ndiye aliyenisimulia. Walikumbatiana ukumbi wa wanaowasili, wakapiga picha, wakaenda kukaa kwenye benchi nje ya uwanja kusubiri gari. Kimya. Watu waliokuwa wakizungumza saa nne kwa usiku mmoja, kila mmoja anatazama viatu vyake. Mwisho mwanamume akatoa simu, akaandika, na simu ya mwanamke ikalia ndani ya mkoba: "Upo?" Akajibu kwa kuandika: "Nipo. Naogopa." Wakaandikiana dakika kumi, mabega yakigusana, mpaka mmoja akasahau akajibu kwa mdomo.

Waliona aibu, nikawaambia hapakuwa na la aibu. Kwenye video hakuna anayekutazama machoni. Anatazama sura yako kwenye kioo cha simu, kamera iko juu kidogo, kwa hiyo kwa miezi 14 mpenzi wako amekuwa akionekana kukutazama kidevuni. Siku hiyo macho yatakutana kwa mara ya kwanza, na ni mazito. Atakuwa na harufu, ambayo simu haikuwahi kuileta. Atakuwa mfupi au mrefu kuliko ulivyozoea, kwa sababu ulizoea kichwa na mabega. Sauti itatoka upande usioutarajia. Mwili wako utasema "huyu ni mgeni" wakati moyo unasema "huyu namjua kuliko ndugu zangu", na vyote viwili vitakuwa vinasema kweli. Huchukua siku moja hadi tatu mpaka vikapatana. Nimeona watu wanavunja uhusiano mzuri siku ya kwanza kwa kudhani ule ugeni ndio jibu.

Kwa hiyo siku hiyo ifanye ndogo. Mpokeane uwanjani, pana watu na kamera, kaeni saa moja, kisha wewe uende hotelini ulale. Kama mmepishana saa nyingi, mwili huhitaji takribani siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kuruka kuelekea mashariki huchosha zaidi. Mtu asiyelala huona ubaya kila mahali. Mwambie kabla: "Siku ya kwanza ninaweza kuwa kimya, usinielewe vibaya." Siku ya pili fanyeni mambo ya kukaa ubavu kwa ubavu, kutembea, kupanda basi, kuliko kutazamana mezani. Mezani ni mahojiano.

Kuhusu mwili, niseme wazi kwa sababu wengine watazunguka. Ongeeni kabla hujaondoka mnategemea nini, na beba kinga zako mwenyewe. Mliyoambiana usiku kwenye simu hayakufungi ukifika. Unaweza kuwa ulimwahidi kila kitu na ukifika mkono wake ukakutisha, nawe ukasema "bado". Namna anavyolipokea hilo "bado" iandike mahali.

Kila siku jipe saa mbili tatu za peke yako. Atakuwa amechukua likizo na atataka muda wote, kataa kwa upole. Mtazame akiwa hajajiandaa: amepotea njia, mhudumu amemletea kisicho chake, simu ya kazini imemkasirisha. Mimi binafsi huamini zaidi dakika tano za mtu aliyekosa basi kuliko barua zake zote za usiku. Omba umwone akiwa na watu wake. Mwanamume wa miezi 14 ambaye siku ya sita bado hana hata rafiki mmoja wa kukutambulisha kwake ana jambo analolificha, mara nyingi ni mke.

Pasipoti ikae kwako. Anayeomba akutunzie, hata kwa maneno matamu, mjibu hapana mara moja. Piga picha kurasa zake, moja ibaki kwenye simu, nyingine kwa mtu wa nyumbani. Andika namba ya ubalozi wenu huko kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa. Ukishikwa na polisi kwa jambo lolote, una haki chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuomba ubalozi wako ujulishwe. Wahi kununua laini ya simu ya huko kabla hujatoka uwanjani, usitegemee intaneti ya nyumbani kwake. Na uwe na fedha za kutosha usiku mbili za hoteli nyingine na gari la kwenda uwanjani, pesa ambazo hazipo kwenye mazungumzo yenu kabisa.

Kaka yako usibishane naye, mpe kazi. Mpe jina kamili la mwenyeji wako, anwani yake, namba zake, ya hoteli, ya ndege. Mkubaliane saa ya kumwandikia kila siku, na neno moja la kawaida ambalo ukiliandika atajua unataka upigiwe simu ya "dharura ya nyumbani" ili uondoke. Mpigie mpenzi wako video kaka akiwepo, wasalimiane. Kaka anayepiga kelele mara nyingi ni kaka asiye na la kufanya. Mama aliyenyamaza, kaa naye jioni moja kabla hujaondoka, umwache aulize anachotaka. Kimya cha mama si ruhusa wala si katazo, na usipokwenda kukiuliza utakibeba ndani ya ndege.

Ikiwa siku ya tano utajua hapana, mwambie mchana, mahali penye watu: "Nimekuja kujua, na nimejua. Nashukuru." Badili tarehe ya tiketi kabla ya kumwambia. Huna deni la siku zilizobaki.

Umeuliza umpelekee nini. Kitu kidogo ambacho amekuwa akikiona nyuma yako kwenye video miezi yote hii: kile kikombe, ule mto, ile picha iliyopinda ukutani ambayo bila shaka ameshawahi kukuuliza habari zake. Kitamfanya asahau kioo kwa dakika moja. Kifunge mwenyewe, begi lako lipakie mwenyewe, na siku ya kurudi lipakie tena kwa mikono yako, zawadi yake ikiwa imefunguliwa.